DJ au laivu: saa moja ya techno uipige vipi?

Swali la msomaji: "Natengeneza techno nyumbani na nina ngoma zangu kama kumi zilizokamilika. Promota mmoja kanipa saa moja kwenye pati yake, miezi miwili ijayo, na kaniambia nichague mwenyewe: nipige kama DJ au nipige laivu. Wenzangu wanasema DJ anabofya kitufe tu, muziki wa kweli ni laivu. Lakini nikisema ukweli, seti zilizonishika zaidi zote zilikuwa za ma-DJ, na laivu kadhaa nilizohudhuria zilinichosha. Tofauti hasa iko wapi, na mimi nichague ipi?"

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Kama promota kakuweka katikati ya usiku, piga laivu, yaani muziki wako mwenyewe unaoutengeneza palepale kwa mashine, kwa sharti kwamba uko tayari kuzivunjavunja hizo ngoma kumi. Kama kakuweka mwanzo, watu wakiwa bado wanaingia, piga kama DJ. Na kama ulichokuwa unafikiria ni kuzipanga ngoma zako kwenye kompyuta zifuatane kama zilivyo, huku bango limeandikwa "laivu" mbele ya jina lako, achana na hilo. Utabeba ugumu wote wa laivu bila kupata faida yake hata moja.

Wenzako wamechelewa kuingia kwenye ubishi huu. Hata mahakama zimeshaupitia. Ujerumani, kiingilio cha tamasha la muziki hutozwa kodi ya asilimia 7, na cha kumbi za starehe za kawaida asilimia 19. Mamlaka ya kodi ilitaka ukumbi wa Berghain wa Berlin ulipe ile kubwa, na mwaka 2016 mahakama ya kodi ya Berlin-Brandenburg ikaupa ushindi ukumbi: watu wanakuja kusikiliza ma-DJ, kwa hiyo ni tamasha. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya kodi ya nchi hiyo, Bundesfinanzhof, katika kesi nyingine ya pati za techno na house, ikasema kwamba meza za santuri, mikisa (kifaa cha kuchanganyia sauti) na mashine za CD zinaweza kuhesabiwa kama ala, pale zinapotumika kutengeneza muziki badala ya kucheza rekodi tu. Sisemi mahakimu ndio wa kutufundisha muziki. Ila hao walilazimika kukaa na kuuliza mtu huyu anafanya nini pale juu, swali ambalo wenzako hawajaliuliza.

Na hiyo tuhuma ya kitufe, msanii maarufu aliyeikiri hadharani aliikiri kuhusu upande wa pili kabisa. Mwaka 2012 deadmau5 aliandika kwamba kwenye maonyesho makubwa ya muziki wa elektroniki wote wanabofya pleyi, na akaeleza kwamba onyesho lake mwenyewe muziki, taa na video vimefungwa pamoja kwenye mstari mmoja wa muda. Alikuwa anazungumzia maonyesho ya jukwaani ya wasanii wanaopiga nyimbo zao wenyewe. Mtu mwenye santuri mbili kwenye chumba chenye giza hakuwa ndani ya mjadala ule.

Mwangalie sasa huyo DJ anayeitwa mbofya kitufe. Ngoma iliyo hewani inakwenda mapigo 132 kwa dakika. Inayofuata anaisikia peke yake kwenye hedifoni, sikio moja limefunikwa, jingine liko wazi kwa ajili ya spika. Akishazioanisha anaiingiza taratibu, besi yake ikiwa imekatwa kabisa kwenye ikwalaiza, kwa hiyo kinachoingia ukumbini ni haihati tu, ule mlio wa matoazi, na labda mlio fulani mkavu wa juu. Anasubiri. Mizunguko 32 ya mapigo manne kwa kasi hiyo ni karibu dakika nzima, na kwa dakika hiyo watu wanacheza ngoma mbili bila kujua. Halafu, kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya, anazima besi ya zamani na kufungua mpya kwa mkupuo mmoja. Ukumbi mzima unasikia kitu kimebadilika miguuni, na wachache sana wanaweza kusema ni nini. Siku hizi mashine yenyewe inaweza kuoanisha kasi, na hilo halinisumbui, maana kuoanisha ndiko kulikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni kujua kwamba ni ngoma ile, sasa hivi, wala si dakika tano zilizopita.

Ukitaka kusikia mkono wa DJ ukiwa juu kabisa, tafuta rekodi ya Jeff Mills wa Detroit aliyoipiga Tokyo, katika ukumbi wa Liquid Room, mwaka 1995. Ni seti ya DJ, santuri za watu wengine na zake, na ngoma nyingi humo hazikai hata dakika mbili kabla hazijamezwa na inayofuata. Kuna mikwaruzo, kuna mahali zinateleza kidogo na anazirudisha. Ilipotoka kama albamu mwaka uliofuata, jalada liliandikwa "Live", na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba amedanganywa.

Lazima ukumbuke pia muziki huu ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walipoanza kutoa santuri zao Detroit miaka ya 1980, kazi ilikuwa inaishia mikononi mwa DJ. Ndiyo maana ngoma ya techno huanza na mdundo mtupu na kuishia na mdundo mtupu: ni nafasi aliyoachiwa mtu mwingine aunganishe. Ikicheza peke yake sebuleni mara nyingi inaonekana imepungukiwa kitu, na kweli imepungukiwa, maana nusu yake ya pili iko kwenye santuri nyingine ambayo mtengenezaji hakuijua. Kwa hiyo anayesema DJ anatumia tu kazi za wengine anasema kweli, lakini amesahau kwamba wengine hao walizitengeneza zitumiwe hivyo.

Tofauti basi iko wapi? Kwangu mimi iko kwenye yale yaliyokwisha kuamuliwa kabla hujapanda. DJ amefungwa ndani ya ngoma na yuko huru baina ya ngoma. Hawezi kuinua haihati peke yake ndani ya rekodi ya mtu, wala kurefusha kiki (lile pigo zito la chini), wala kumwondoa yule mwimbaji anayekera dakika ya nne. (Zipo programu mpya zinazotenganisha sauti ndani ya rekodi papo hapo. Kwenye spika kubwa bado hazijanishawishi.) Lakini ngoma inayofuata inaweza kuwa yoyote kati ya maelfu alizonazo kwenye flashi: ya mwaka huu au ya 1991, nyepesi au ya kuvunja ukuta. Mpigaji wa laivu mambo yake ni kinyume. Kinachofuata kwa kiasi kikubwa kinajulikana, ni muziki wake mwenyewe, na hana mwingine. Ila ndani ya mlio wenyewe kila kitu kiko wazi.

Hapo ndipo penye sababu ya wewe kuchoshwa na zile laivu. Ukumbi ukipoa, DJ anageuza mwelekeo ndani ya dakika mbili. Mwenye laivu ana kiki ileile, sintesaiza ileile, mwangwi uleule kwa saa nzima, na sikio la mchezaji huchoka na rangi moja hata kama midundo inabadilika. Lipo na jambo la kiufundi ambalo wasikilizaji hulisikia bila kulitambua. Rekodi anazopiga DJ zimepita kwa fundi aliyezisawazisha na kuzikaza kwa ajili ya spika kubwa. Mashine za laivu zinatoka mbichi. Ukiingia baada ya DJ, dakika tano za kwanza muziki wako unasikika mwembamba, na watu wanakwenda kuvuta hewa nje wakidhani hawakupendi. Halafu kuna mianya. Mtu anamaliza wimbo, mashine inahitaji sekunde kadhaa kufungua mradi mwingine, anajaza pengo kwa sauti ya upepo, kisha anaanza kujenga upya kutoka sifuri. Ukiona mara tatu, mara ya nne unatoka.

Pamoja na hayo, laivu ikikaa sawa inafika mahali ambapo DJ hafiki. Chukua mashine ya ngoma ya Roland TR-909, ile ya mwaka 1983 ambayo techno imeilalia mpaka leo, au yoyote kati ya zilizoiga. Ina vitufe 16, kila kimoja ni robo ya pigo, na vyote 16 vinamaliza mzunguko mmoja. Mpigaji ameweka kiki kwenye kitufe cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Anaongeza haihati iliyo wazi kwenye cha 3, 7, 11 na 15, kati ya kiki na kiki, na watu wanaanza kunyanyuka. Sasa anashika kizungushio cha kiki kinachoamua mlio udumu kwa muda gani kabla ya kufa, anakifungua polepole kwa dakika tatu. Hakuna noti mpya, hakuna ngoma mpya. Kiki iliyokuwa fupi na kavu inanenepa hadi mwisho wa kila pigo unagusa mwanzo wa lingine, na besi inaanza kunguruma chini yake. Anawatazama watu. Wakiwa tayari, anaikata yote na kubakiza haihati. Wasipokuwa tayari, anasubiri mizunguko minane mingine. Kwenye rekodi muda ule ungekuwa umeshapangwa na mtu aliyekuwa peke yake chumbani mwaka jana. Hapa unapangwa na watu mia tatu waliopo.

Ndugu wawili wa Detroit, Lenny na Lawrence Burden, wanaopiga kama Octave One, ni darasa zima la jambo hili: meza iliyojaa mashine, mikono haitulii, wimbo ambao watu wanaujua unachelewa makusudi hadi ukumbi unaanza kuudai. KiNK wa Bulgaria huwa anawapa watu wa mbele kifaa chake wabonyeze wenyewe. Unaweza kuona ni mbwembwe, mimi naona ni njia ya haraka kuliko zote ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichorekodiwa.

Ila neno "laivu" kwenye bango halikuhakikishii lolote kati ya hayo. Chini yake hukaa mtu mwenye ukuta wa mashine zenye waya kama utumbo, na hukaa pia mtu mwenye kompyuta moja yenye vipande vilivyokwisha kupangwa. Hata huyu wa pili asidharauliwe moja kwa moja. Ableton Live, programu ambayo huenda ndiyo uliyotengenezea ngoma zako, ilitoka mwaka 2001, na wawili kati ya walioianzisha walikuwa wanapiga techno wenyewe: Gerhard Behles na Robert Henke, waliokuwa pamoja katika kundi la Monolake. Waliitengeneza iwe ala ya jukwaani. Swali si kama kuna kompyuta mezani. Swali ni hili: mpigaji akiondoa mikono kwa dakika mbili, muziki utasimama palepale ukizunguka, au utaendelea kupanda na kushuka wenyewe? Ukiendelea wenyewe, unasikiliza rekodi.

Na si lazima mtu achague upande mmoja maisha yake yote. Richie Hawtin hupiga kama DJ kwa jina lake, na anapotaka kupiga muziki wake laivu hutumia jina la Plastikman, kwa sababu wanaokuja wanatarajia vitu viwili tofauti. Mills huweka 909 pembeni ya seti yake ya DJ na kuipiga juu ya santuri. Mseto huo ni mzuri kuliko vyote ukiuweza, lakini usiujaribu kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Turudi kwenye saa yako. Kwa DJ wa techno saa moja ni finyu. Ni ngoma kumi na tatu, kumi na tano hivi, na ndiyo kwanza ameanza kuujua ukumbi wakati anatakiwa ashuke. Pale Berghain seti ya saa tatu au nne ni jambo la kawaida, na wa kufunga huenda mbali zaidi, kwa sababu kazi ya kuchagua inahitaji muda ili ionekane. Laivu ni tofauti: dakika 60 ni kipimo chake cha kawaida, zaidi ya hapo rangi zinaisha. Kwa hiyo ukiwekwa katikati, baina ya ma-DJ wawili waliokwisha kuwapasha watu, saa moja ya sauti ambayo hakuna mwingine anayo itakaa vizuri. Mwanzoni mwa usiku hali ni nyingine. Watu wanaingia mmoja mmoja, wanatafuta wenzao, na laivu yenye mwanzo, kilele na mwisho inamalizika kabla hawajavua makoti. Pale anahitajika DJ mvumilivu wa kupiga kwa sauti ya chini na kusoma mlango. Ngoma zako tatu au nne zikiingia katikati ya za wengine zitasikika vizuri kuliko zingesikika zenyewe.

Ukipiga laivu, kazi ya kwanza ni kupunguza. Ngoma sita zinatosha. Kila moja itoe vipande vyake: kiki, haihati, midundo ya pembeni, besi, mlio mkuu na zile sauti za nyuma. Zote zilete kwenye kasi moja, tuseme 130, na uhakikishe funguo za muziki hazigombani, ili mlio mkuu wa ngoma ya tatu uweze kukaa juu ya midundo ya ile ya tano. Hapo ndipo mianya inapokufa: huhitaji kumaliza wimbo ili uanze mwingine, unahama kipande kwa kipande, na kwa muda mrefu wasikilizaji wako ndani ya wimbo ambao haupo kwenye faili yoyote.

Ondoa kile kikaza sauti ulichoweka mwishoni mwa kila ngoma. Kilikuwa kinabana kila kitu kwa pamoja, na sasa ukinyamazisha besi, haihati zitaruka juu. Kiki zote sita zisawazishe kwa sikio, moja baada ya nyingine, ukizilinganisha na rekodi ya techno unayoiamini kwa sauti ndogo. Besi iwe mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote. Ukifika ukumbini, muombe fundi mitambo akupandishe kidogo kwa dakika za kwanza. Anajua kwa nini.

Mikono yako ipe vitu vinane vya kushika, si arobaini. Uvijue gizani. Na ukiweza kuazima mashine moja ndogo ya ngoma isiyo kompyuta, iazime, uifunge na kompyuta kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki huwasiliana nayo, ili zitembee pamoja. Faida yake ni kwamba una kitu kimoja ambacho hakikuandaliwa nyumbani: midundo unayoandika palepale. Rekodi saa nzima ya mazoezi bila kusimama, hata ukikosea, halafu isikilize kesho yake ukiwa unafanya kazi nyingine. Mahali utakapotamani kuruka mbele, hapo ndipo watakapotoka nje.

Siku yenyewe, funga vyombo vyako kabla ya mlango kufunguliwa na ujaribu kila waya. Promota aijue mapema meza unayohitaji na ukubwa wake, kwa sababu meza ya DJ haina nafasi ya vitu vyako na hutakubaliwa kusogeza vya wenzako. Mashine zako ziingie kwenye chaneli moja ya mikisa ya DJ, si pembeni kwa fundi tu. Kwa namna hiyo aliyekutangulia anakuingiza kama ngoma nyingine yoyote: wewe unaanza na sauti za nyuma bila mdundo chini ya rekodi yake ya mwisho, yeye anaishusha, kiki yako inaingia. Mwishoni fanya ustaarabu huohuo. Bakiza midundo mitupu kwa dakika mbili, usiguse kasi, mwambie anayefuata inakwenda ngapi, na acha vyombo vimewaka mpaka yeye mwenyewe ashushe fada yako, kile kitelezi cha sauti kwenye mikisa. Rekodi ile bora ya mazoezi iweke pia kwenye flashi, na flashi iwe tayari kwenye mojawapo ya mashine za DJ. Kompyuta ikizimika saa nane usiku, ibofye hiyo kwanza, watu waendelee kucheza, ndipo uinamie waya.